Njiti Mbili Dirishani

Jumanne, 26 Machi

Binti yangu Virpi alikuja. Akafungua friji kabla hata ya kuvua koti. Soseji moja, haradali, bia. Akaifunga polepole. Tangu mama yake afariki Oktoba nimekonda mpaka suruali naifunga kwa kamba — hilo siwezi kubisha. Amenipa muda hadi Siku ya Mama: nisipoanza kula chakula cha kueleweka, ataniandikisha kwenye nyumba ya wazee mjini. Ameshazungumza nao. Chumba kimoja, dirisha linatazama maegesho ya magari.

"Baba, siwezi kuzika wawili mwaka mmoja," alisema.

Miaka yote mke wangu Aune ndiye aliyenipakulia. Sijui hata chumvi ilipo! Lakini nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu, gogo juu ya gogo. Sitoki.

Alhamisi, 11 Aprili

Supu ya samaki, jaribio la tatu. La kwanza maziwa yaliungua, la pili viazi vilikuwa mawe. Leo! Nilianza na kitunguu kwenye siagi, moto mdogo, taratibu. Hakuna aliyenifundisha. Nikaonja. Nikaonja tena. Nimemaliza sufuria nzima nikiwa nimesimama jikoni na mwiko.

Hilkka wa jirani aliona moshi unatoka kila mchana, akaja kuchungulia. Akasema angejua wanaume huanza kupika wakifiwa, angewahi kufa yeye, ili marehemu mumewe naye ajue jikoni kuko wapi. Nikacheka. Halafu nikaona haya, maana sikuwa nimecheka tangu mazishi.

Nilimsindikiza hadi barabarani nikaacha jiko linawaka. Virpi hatalijua hili.

Ijumaa, 26 Aprili

Leo vile vimkate vyembamba vya unga mweusi, ndani uji wa mchele, kingo unazifinya kwa vidole. Na vidole vyangu hivi vya mkata miti! Vya kwanza vilitoka kama viatu vilivyokanyagwa na trekta. Baadaye vidole vikajua vyenyewe, mimi nikawa mtazamaji tu. Siagi na yai juu yake, vikiwa moto.

Naipenda kazi hii. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia: naipenda, na inaniuma. Aune yuko chini ya udongo baridi, mimi naimba jikoni kwake.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeupata! Uyoga-sikio, pale pale alipokuwa akiuchuma Aune, kwenye mchanga nyuma ya misonobari iliyokatwa. Hilkka aliniuliza nimeutoa wapi. Nikamwambia msituni. Akanuna kidogo, ila naye chimbo lake hajawahi kunitajia, na hatanitajia hata akiwa kufani.

Mbichi unaua. Unachemshwa mara mbili, maji mengi, kila mara unayamwaga na kuusuuza, na dirisha liwe wazi maana hata mvuke wake ni sumu. Kila mtoto wa huku anajua. Halafu siagi na krimu — basi, hakuna kinachoufikia. Aune hakukiamini kichwa chake mwenyewe. Kila alipomaliza kuchemsha aliweka njiti ya kiberiti dirishani. Njiti mbili, ndipo siagi inaingia. Nami nitafanya hivyo hivyo.

Virpi anakuja Jumapili. Siku ya Mama ya kwanza bila mama. Tutakwenda kaburini, kisha tutakula, kisha ataamua.

Jumapili, 12 Mei

Nabaki! Nabaki nyumbani kwangu!

Asubuhi ilikuwa vurugu. Namwaga maji ya uyoga, simu inalia — Virpi, yuko kituo cha mafuta, anafika mapema. Viazi bado, maua ya kaburi bado kwenye ndoo, shati sijapiga pasi. Nikakimbizana na kila kitu.

Lakini mezani! Alitia kijiko cha kwanza mdomoni, akafumba macho. Akasema ni wa mama, huu ni wa mama kabisa. Akaongeza. Nikamsogezea na sahani yangu, mimi nilikuwa nimeonja vijiko viwili tu, kumtazama kulinishibisha. Akafuta sufuria kwa mkate kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Baki, baba," akasema. "Nilikuwa naogopa tu."

Kesho atapiga simu wafute jina langu.

Jumatatu, 13 Mei

Virpi alipiga asubuhi. Hajaenda kazini. Anatapika tangu alfajiri, kichwa kinapasuka. Anadhani ameambukizwa ofisini. Akaniambia nisianze kujilaumu, chakula hakikuwa na kosa. Na ile simu ataipiga hata akiwa kitandani, ahadi ni ahadi.

Nikasema pole. Nikakata.

Dirishani kuna njiti moja.

Nimetafuta sakafuni, chini ya jiko, kwenye ndoo ya taka. Nimekung'uta pazia. Moja. Labda ya pili ilipeperushwa, dirisha lilikuwa wazi. Labda. Nilikaa na hiyo labda, nayo ilikuwa tamu: nikinyamaza, nyumba ni yangu, na ugonjwa wa ofisini hupita. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ila kifo hiki kingekuwa cha mwanangu. Nikapiga.

"Virpi, ule uyoga, nadhani niliuchemsha mara moja."

Nilimsikia akihema.

"Unadhani, au una uhakika?"

"Sikumbuki, mwanangu. Ndiyo shida yenyewe."

Hakufoka. Aliuliza tu kama nami nilikula. Laiti angefoka.

Nimepiga namba ya dharura. Gari la wagonjwa limeshatumwa kwake, jingine linakuja kwangu. Kichwa kinaniuma tangu niamke; nilidhani ni uzee. Yule mama wa simuni aliniuliza leo ni siku gani. Nikamjibu sawasawa. Baada ya kitambo akaniuliza tena.

Hospitali watanipigia wakishampima damu. Hakuna la kufanya ila kungoja. Kitunguu kiko kwenye ubao, nimekikata nusu. Leo nilitaka kujaribu kabichi ya kuoka. Nimezima jiko. Nimeinuka kwenda kuhakikisha kama nimelizima. Nimerudi kuketi, na sasa sikumbuki niliona nini — naenda tena