Waliokuja na Ng'ombe

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kawajense tuko salama, na mguu wa babu yako umepona. Umeniuliza kama ni kweli magonjwa huletwa na wageni, maana ndivyo wanavyosema huko chuoni. Nani kawaambia?

Nikiwa msichana kule Kabungu, kipindupindu kilituingia. Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao hawakuugua, basi tukasema ndio waliotuletea. Mama akanituma nikachungulie kwao. Nikamkuta mama mwenye nyumba anachemsha maji ya kunywa, yale yale ya mto wetu.

Nilipomweleza mama, akaguna: "Ndiyo dawa yao hiyo."

Hakuwaamini hata kidogo. Ila tangu jioni ile na yeye akawa anachemsha, mlango kaufunga.

Mimi bibi yako.