Damu Yangu Haibatizwi

Mansuri mwanangu,

Na hilo la kupima damu nimelisikia. Samira jirani ndiye ananiandikia, nimemwambia asikupunguzie hata neno. Mguu wangu haujambo, ila baridi ya hapa Yeoville, Johannesburg, inauchokoza, na umeme unakatika ovyo.

Sasa wewe! Mwaka mzima huko Durban hujatuma matumizi ya mtoto, Falonne mama yake kakupeleka kotini, ndiyo leo unauliza mtoto wa nani? Alipozaliwa, mama yake alitaka akabatizwe kanisani kwao Wakongo. Nani alisimama mlangoni akipiga kelele, "Damu yangu haibatizwi"? Ukamwadhinia sikioni, ukampa jina la marehemu mama yangu, mbuzi tukamla. Siku ile hukutaka kipimo!

Mimi sijui, labda si wako. Kapime. Lakini mwaka huo wote ulikuwa unaitwa baba, na mtoto alikuwa anakula. Utalipa! Na jina la mama yangu halirudishwi, si shati la dukani hilo.

Huyo, ananiita: "Gogo! Gogo!" Kiswahili hakimtoki, bibi kwake ni gogo kama watoto wote wa huku. Samira, malizia hapo, sema ni mama yake. Mimi naitwa, naitika.