Ilibaki Arobaini

Nyanya mpendwa,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu: hesabu za kutoa hunipotea watu wakinitazama. Na leo hapa Voi, Shangazi Mkawasi alinipa chaki niandike alama za mchezo wake wa kurusha vishale ubaoni, kwa sababu mwandishi alichelewa. Ulishasema Shangazi asiposhinda aache ligi arudi kuuza maharagwe Njukini, kwa hiyo niliogopa kukosea.

Ukumbi ulikuwa na joto kama jikoni kwako. Shangazi alikuwa amebakiza mia na moja, akapiga sitini na moja. Nikaandika hamsini. Zamu yake iliporudi alilenga katikati kabisa, penye hamsini, maana mshindi ni yule anayefika sifuri bila kupitiliza. Mwandishi haruhusiwi kusema mchezaji akilenga. Nikasema.

"Samahani, Shangazi. Nimekosea. Imebaki arobaini."

Mpinzani wake, mama mmoja wa Taveta, akacheka. "Wewe mtoto, si ungenyamaza tu apitilize, nimalize mimi."

Shangazi alishusha mkono, akavuta pumzi, akapiga ishirini ya ukingoni, ile inayohesabiwa mara mbili. Sifuri. Amebaki kwenye ligi, Nyanya, na mimi sasa napumua.

Goti lako lipoe upesi. Nilifuta ubao, nikanawa chaki mikononi, nikala ugali na nyama ya mbuzi, kisha nikamwomba Shangazi akikupigia simu akuambie ushindi tu. Kosa nilitaka ulisikie kwangu.

Mjukuu wako,
Wakesho