Mchapishaji: Jikoni

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na printa haijakugomea tena. Mimi mzima, ila usingizi ndio haba.

Toleo la nne la programu yetu limetoka juzi. Mwanafunzi akishaingiza vitabu alivyosoma, programu inampangia orodha ya marejeo yenyewe: alfabeti, mabano, mwaka. Najua utasema nimekuja kukunyang'anya kazi. Lakini ni wewe uliyenifundisha marejeo, nikiwa mdogo, nimekaa juu ya rimu za karatasi kibandani kwako. Ijaribu, uniambie ukweli.

Binti yako

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Mama yako anauliza unakula nini.

Nimeikalia programu yako wiki nzima nikiitafutia kosa. Miaka thelathini na moja ya kupiga chapa tasnifu za watu si mchezo. Koma zote zimekaa mahali pake, nikanuna kidogo.

Halafu jana akaja muuguzi mmoja anayesoma jioni, kazi yake imerudishwa na mtahini. Ameandika juu ya wakunga wa zamani, na aliyemsimulia ni bibi yake mwenyewe. Programu yako ilikataa kumhifadhi bibi mpaka mchapishaji ajazwe. Basi akajaza: Jikoni. Mtahini anauliza kampuni ya Jikoni iko wapi. Nilicheka mpaka nikavua miwani, lakini yeye hakucheka. Amepewa mpaka mwisho wa Machi, la sivyo anarudia mwaka. Ningempigia orodha kwa mkono, ila chuo chake siku hizi kinapokea ile iliyotoka kwenye programu yenu tu.

Mimi wasimulizi kama bibi huyo huwaandika hivi: jina la msemaji, uhusiano wake na mwandishi, mahali walipokaa, siku. Karatasi yangu ya mfano hii hapa. Doa ni la chai.

Baba yako

27 Februari

Baba,

Shikamoo. Mwambie mama ninakula.

Barua yako nimeisoma kikaoni. Mkuu wangu akasema hakuna mtumiaji aliyewahi kuomba kitu hicho, na toleo la tano limeshafungwa, haliongezwi kitu. Nikamwambia wameomba, ila wanaomba kwa kujaza uongo. Tukapitia orodha za walioturuhusu kuzitazama. Tumekuta wachapishaji wanaoitwa Nyumbani, Mdomo, Kwa Babu. Zaidi ya mia mbili. Mkuu akazihesabu mwenyewe. Amenipa wiki nne, na kikiharibika chochote ni juu yangu.

Karatasi yako iko ukutani mbele yangu. Asiyetaka jina lake litajwe unamwandikaje?

Binti yako

4 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Unamuuliza mwenyewe aitweje. Mmoja aliniambia niandike "Aliyekuwepo", nami nikaandika.

Muuguzi anapita kila asubuhi kuuliza. Simharakishi mtu, nakuarifu tu.

Baba yako

24 Machi

Baba,

Shikamoo. Toleo la tano limetoka leo saa tatu asubuhi. Mwite muuguzi. Ukimaliza naye, fungua maelezo ya toleo, ushuke mpaka chini kabisa.

Binti yako

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kukawia. Nilianza barua hii mara tatu.

Kazi ya muuguzi imekubaliwa. Jana alimleta bibi yake kibandani, kavaa viatu vya kutokea. Bibi aliomba nimwoneshe kwa kidole jina lake kwenye orodha, nikamwonesha. Akaniomba nimwoneshe tena.

Na nilishuka mpaka chini kabisa kama ulivyosema. Nikakuta orodha yenu ya marejeo: vitabu sita vya wasomi, na mimi katikati yao. Jina langu kamili, mpiga chapa, baba wa mwandishi. Mahali: kibandani, juu ya rimu za karatasi. Siku: nyingi. Mwanangu, nimepiga chapa majina ya watu maelfu kwenye orodha kama hizo, na langu halikuwahi kuwamo. Nililisoma nikiwa nimesimama.

Nimeuchapisha ukurasa ule na kuubandika dirishani. Mteja akiuliza, namwambia ni kazi ya binti yangu. Asipouliza, namwambia vilevile. Mama yako anasema nimeanza kuringa. Ni kweli, naringa.

Baada ya "nyingi" mmesahau nukta. Nilitaka kuinyamazia, nikashindwa.

Baba yako