Beji ya Usiku Kumi

Mpendwa Kaka Gaspari,

Tangu uzikwe nimekuandikia barua nyingi kichwani, na zote zilikuwa na uongo kidogo. Hii naiandika kwenye meza ya jikoni, hapa ughaibuni, Etobicoke, ghorofa ya kumi na moja. Rehema yuko kazini, kwa hiyo hakuna wa kunikatiza.

Ungekuwepo ungenicheka mpaka ushike mbavu. Mdogo wako amekuwa mkusanyaji wa beji za kambi za skauti, zile za zamani, za kitambaa na za bati. Nyingine zimechorwa hema dogo kwa uzi ambao umeshapauka, nyingine zina tundu pale sindano ilipopita shati la mtu nisiyemjua. Nimezipanga kwenye ubao sebuleni. Wageni wakija, shemeji yako Rehema huwaambia, "Karibuni muone, mume wangu anatundika jasho la watu."

Maneno hayo yalinichoma, nikajiwekea sheria. Beji haipandi ubaoni mpaka niwe nimefanya kile ilichodai. Nikatafuta vitabu vya zamani vya skauti nijue kila moja ilidai nini. Kuna iliyotaka uwashe moto kwa njiti mbili tu, na kuni zenyewe mbichi. Jumamosi nne nilichutama kwenye bustani moja kando ya mto, napuliza moshi machozi yakinitoka, hadi Mzungu mmoja akanionea huruma akaniletea chupa ya mafuta ya kuwashia. Nilimshukuru nikakataa. Jumamosi ya tano moto ukashika. Nyingine ilitaka ujenge kichanja cha vyombo kwa kamba tupu, bila msumari. Nilikijenga hapa sebuleni kwa mipini ya mifagio, Rehema akaanika juu yake khanga mbichi kunijaribu, nacho kikasimama.

Mengine sikuhitaji kitabu. Usisimike hema bondeni, usilale chini ya tawi kavu, angalia kwanza upepo unatoka wapi. Ukiondoka, rudisha majani mahali pake ili anayepita asijue kama palilala mtu. Hayo ulinifundisha wewe, ukinisukuma kisogo kila nilipokosea.

Unakumbuka kambi yetu ya mwisho, kule Morogoro, milimani. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, mimi kumi na mmoja. Ili upate beji ya kambi ulitakiwa uwe umelala hemani usiku kumi, na usiku wa kumi ndipo mvua ilipotukuta. Radi ilipiga, hema likaingia maji, nikaanza kulia kwamba nataka nyumbani. Ulinibembeleza wee, sikusikia. Mwisho ukanipandisha mgongoni, ukanibeba kwenye tope hadi kwa shangazi, kijiji cha chini ya mlima, na kabla hakujapambazuka ukanirudisha vilevile. Hukunisema hata kidogo. Ulisema tu, "Umenenepa, bwana mdogo."

Jioni yake Mwalimu wetu wa skauti alitupanga mstari. Alikuwa hahesabu yeye. Alituuliza mmoja mmoja, kwa heshima ya skauti, umelala hemani usiku ngapi.

"Tisa," ulisema.

"Na jana?"

"Jana nililala kwa shangazi."

Wenzetu wakaguna. Mwalimu akauliza, "Na mdogo wako ulimwacha wapi na mvua yote ile?"

Ukanitazama. "Muulize mwenyewe, Mwalimu."

Sasa ninaelewa ulichokuwa unanipa. Wakati ule niliona tu macho ya watu wote na ile beji mkononi mwa Mwalimu. Nikasema, "Kumi." Mwalimu akasema neno la skauti linatosha, akanipigia saluti.

Kuanzia siku hiyo ukaitwa Tisa. Tisa, aliyemwacha mdogo wake kwenye mvua akaenda kulala kitandani kwa shangazi. Shangazi pekee alijua ukweli, nawe ulimsihi asiseme. Lilianza shuleni, likahamia mtaani, ukaoa nalo. Wanao wakaitwa watoto wa Tisa. Nilikuwa nasubiri unikasirikie ili niombe msamaha, wewe ukawa unanidai habari za mpira. Beji yangu uliishona wewe, kwenye mkono wa shati langu, kwa uzi mweupe kwa sababu wa kijani ulikuwa umekwisha.

Mwaka jana tulipokuzika, mimi nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha ghala ninakofanyia kazi, Downsview, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji, natazama mazishi. Mjomba aliposimama kusema habari zako, alieleza jinsi ulivyopata jina la Tisa. Msiba mzima ukacheka, kicheko kile cha kupunguza uchungu. Nami nilicheka, Kaka. Ulikuwa kwenye jeneza, nikacheka.

Ningeweza kuendelea hivyo hadi kufa kwangu. Lakini mwezi uliopita nilikwenda Markham kwa mama mmoja mjane, Mgoa aliyezaliwa Nairobi. Alikuwa anapunguza vitu vya marehemu mumewe, na kati yake kulikuwa na beji ya kambi ya siku nyingi, kama ile yetu.

"Hii mzee wangu alipata kabla tuoane," aliniambia. "Alinyeshewa huko, akakuwa mgonjwa wiki mzima. Na wewe, ulipata yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulilala nje hizo siku zote?"

"Zote kumi."

Akaifunga ile beji kwenye karatasi laini, akaitia kwenye bahasha. "Basi mimi siuzi. Chukua tu. Nilikuwa naogopa itachukuliwa na mtu hajui kazi yake."

Nina miaka hamsini na mbili, Kaka, na bado nilisema kumi. Nilikaa kwenye gari nje ya nyumba yake nikashindwa kuwasha injini. Nilijionea aibu ambayo sijawahi kuiona. Bahasha yake iko hapa mbele yangu. Nitairudisha na kumweleza ukweli, ila yeye si wa kwanza kwenye foleni.

Wa kwanza alikuwa binti yako Veronika. Nilimpigia Jumapili, baada ya wao kutoka kanisani. Nilimweleza yote, mvua, tope, shangazi, mstari wa jioni. Hakunikatiza.

"Baba mdogo," alisema, "mimi shuleni nilipigana kwa ajili ya hilo jina. Nikirudi nyumbani namuuliza Baba, kwa nini ulimwacha mdogo wako? Anacheka tu." Nikamsikia akifunga mlango. "Kumbe alikubeba."

Akalia, nami nikalia. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alisema, "Haya uliyoniambia mimi hayanitoshi. Walicheka watu wote pale. Misa ya mwaka ni mwezi ujao. Njoo useme mbele yao."

Nimeshaomba likizo. Naogopa, sikufichi. Mama atakuwa mstari wa mbele, na kwa miaka yote hii amekuwa akinitaja mimi kama mfano wa mtoto mkweli. Mjomba naye atakuwepo, na wale wenzetu waliobaki. Huenda wengine watasema mzee mzima amepanda ndege kuja kuzungumzia mambo ya watoto. Waseme. Wewe uliyachukua ukiwa mtoto, ukazeeka nayo, na ulikuwa na haki ya kunisema siku yoyote uliyotaka.

Nilipaswa kukwambia haya ukiwa unasikia. Nisamehe, kama huko uliko kusamehe bado kuna maana. Nakupenda, na nilikupenda hata nilipokuwa nakuibia jina lako.

Pumzika, Kaka. Padre akimaliza nitasimama, nitawaambia ulinibeba.

Mdogo wako