Baba, Nimejua Kwa Nini Pikapu Ilitetemeka Kila Jumapili

Baba yangu, mwenye pikapu ya samawati,

Nimeupata! Nimetoka kwenye boneti sasa hivi, mkono wangu una grisi na karatasi hii itachafuka, lakini siwezi kungoja mpaka ninawe. Nimeupata ule ugonjwa wa pikapu. Si mafundi wa Embu walioupata, ni mimi binti yako, juzi, nikiwa nimevaa gauni la kanisa na viatu vya kisigino. Kama ungekuwepo ningeingia nyumbani nikipiga kelele mpaka uzime redio.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na unajua sababu. Mama ulimsemesha Kiembu, ng'ombe uliwasemesha Kiembu, hata Mungu ulimwomba kwa Kiembu. Pikapu peke yake ndiyo uliyoisemesha Kiswahili. Ulisema ilishuka melini Mombasa na huko hakuna aliyeifundisha lugha yetu. Basi sisi wawili tukiwa mbele ya boneti tulizungumza Kiswahili, na ikawa mazoea. Mpaka leo nikishika spana, Kiembu kinanikimbia.

Unakumbuka ile Alhamisi? Nilikuwa kidato cha tatu, nimefunga shule. Kwenye ghala la kitalu chako cha miche kulikuwa na mitungi miwili ya manjano, mmoja wa petroli na mwingine wa dizeli ya pampu ya maji. Ukaniambia niongeze petroli kwenye pikapu maana ulikuwa unapeleka miche ya chai kwa mteja. Mimi nikiwa na haraka zangu za kitoto nikamimina dizeli. Ulifika kona ya kwanza tu. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikagoma katikati ya barabara na miche yote ikiwa nyuma. Ulirudi kwa miguu. Ukauchukua ule mtungi, ukaunusa, ukanitazama. Hukusema neno hata moja, Baba. Afadhali ungenichapa.

Ijumaa Fundi Njeru akapanda kutoka Runyenjes, akatoa dizeli yote, akasafisha tangi na kabureta, jioni ikawaka. Jumamosi mimi niliamka mapema kuliko mtu yeyote. Nilichukua mpira wa maji, ndoo na sabuni ya unga, nikaiosha pikapu nje na ndani. Nikaona haitoshi, nikafungua boneti, nikaosha na injini mpaka ikang'aa kama sufuria ya wageni. Nilikuwa naomba msamaha, na mdomo ulikuwa mzito. Ulitoka na kikombe chako cha chai ukasimama kando. Baada ya muda ukasema, "Hapo nyuma ya betri umewacha matope." Hilo ndilo neno la kwanza ulilonipa tangu Alhamisi, na mimi nilifurahi kana kwamba nimepewa zawadi.

Kesho yake, Jumapili, ikatetemeka. Tulikuwa tunapanda kile kilima cha kanisa, kina mama wa kwaya wamejaa nyuma, na pikapu ikaanza kutikisika kama inatwanga mahindi. Injini inamisi, mlio unakatika, inashika, inamisi tena. Kina mama wakashuka, wakasukuma wakiwa na sare zao. Mimi nilikuwa mbele, katikati yako na Mama, nikatamani kiti kinimeze. Nilijua ni ile dizeli yangu. Kila mtu alijua ni ile dizeli. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Hii gari haitapona."

Na kweli haikupona. Ikawa kila Jumapili nikiwa nyumbani ni matetemeko. Jumatatu inatikisika kidogo, Jumanne iko shwari, inabeba miche mpaka kule msituni bila kuguna. Jumapili tena, hiyo, inaanza. Kanisani wakaipa jina la Mpagani. Mama Wawira wa sauti ya kwanza ndiye aliyezidi wote kwa maneno. "Baba Muthoni," alikwambia siku moja mbele ya wazee, "hii gari yako ina mapepo. Ikiona msalaba inaanza kutetemeka. Wacha mimi nitembee na miguu yangu." Unakumbuka siku walipoizunguka wakaiwekea mikono na kuiombea? Wewe ulivua kofia ukainamisha kichwa, lakini mimi niliona mabega yako yakicheza kwa kicheko.

Mimi sikucheka. Kila Jumapili ilikuwa inanikumbusha kosa langu. Na kila Jumamosi nilirudi na ndoo yangu na mpira wangu. Nilisema moyoni, kama nimeiharibu, angalau nitaitunza.

Lakini Jumamosi zile, Baba! Ulikuja na chai, ukaegemea tairi la mbele, ukaanza kuongea. Wewe ambaye siku nyingine ulijibu maswali kwa kukohoa. Hapo ndipo niliposikia kwamba uliwahi kukataliwa na wazazi wa Mama mara mbili. Hapo ndipo uliponifundisha injini. "Hii iko na silinda nne," ulisema, "ni kama watu wanne wanabeba gunia moja. Moja akiwacha, wale watatu wanayumba." Ukanionyesha namna ya kumtafuta mvivu. Injini ikiwa inanguruma, unashika waya wa plagi, ile inayotoa cheche, kwa kitambaa kikavu, unauchomoa, unasikiliza. Sauti ikibadilika, huyo alikuwa anafanya kazi, mrudishe. "Ile ukitoa na injini haijali," ukasema, "hapo ndio kuna shida." Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilijiona fundi mzima.

Nilipoenda chuoni, na baadaye nilipopata kazi ya kufundisha Meru, Mama aliniambia kwenye simu kwamba pikapu haina neno. Nikirudi likizo, Jumamosi naiosha, Jumapili inatetemeka. Mama alikuwa akicheka, "Hii gari inakujua wewe!" Mimi nilicheka naye, ila kile kicheko kilikuwa kinaniuma.

Sasa nikueleze ya huku. Tangu utuache mwaka jana nimerudi nyumbani, nafundisha hapa karibu na kukiangalia kitalu. Miche ya chai imeshika vizuri, na parachichi nimezidisha. Pikapu nayo niliendelea kuiosha kila Jumamosi, sasa zaidi kwa kukukumbuka wewe, na hali ikazidi kuwa mbaya. Kutetemeka hakukuisha tena Jumatatu. Kulienda mpaka Jumatano. Nilikuwa na nafasi Alhamisi tu, basi naifikisha Embu Alhamisi na imetulia kabisa, mafundi wananitazama kama mtu anayejitungia ugonjwa. Wa kwanza alibadilisha plagi zote kwa kubahatisha. Wa pili alisafisha kabureta upya, akanipa hukumu, "Hii injini imechoka, madam. Tafuta ingine ama uuze."

Mama akakata shauri iuzwe. Akapatikana mtu wa Kangeta, anataka ya kuzungushia miraa mashambani, akasema atakuja Jumatano hii kuichukua. Ningesema nini, na mimi ndiye niliyeiua? Nilimwomba tu aniache niiendeshe Jumapili ya mwisho.

Jumapili hiyo ndiyo juzi. Ilitikisika kuliko siku zote, ikazima pale pale kwenye kilima, na kwaya ikasukuma. Nilikaa ibada nzima bila kusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza, Jumatano inaondoka, na inaondoka na kosa langu ndani yake. Watu walipotoka nje kusalimiana, mimi nilienda moja kwa moja kwenye boneti. Nikachana kitambaa kikavu kutoka kwa leso ya Mama, Mungu anisamehe, nikawasha injini.

Waya wa kwanza, nikachomoa. Injini ikataka kuzima. Nikarudisha. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu nikachomoa, na Baba, injini haikujali! Ilitikisika vile vile kama sijaigusa. Nikazima, nikaitazama ile kofia ndefu ya mpira inayoingia kwenye shimo la plagi. Ilikuwa inadondosha maji. Mama Wawira alikuwa amesimama nyuma yangu na Biblia kwapani, akauliza, "Hayo ni machozi ya Mpagani?"

Nikachovya kidole kwenye shimo. Maji yamejaa humo. Nikasugua vidole, na yakatoa povu! Nikanusa. Ilikuwa sabuni ya unga, Baba. Sabuni yangu ya Jumamosi!

Nilisimama pale nikiwa nimeinua kidole hewani, na kila kitu kikajipanga chenyewe. Plagi zimekaa ndani kabisa kwenye yale mashimo. Zile kofia za mpira zimezeeka na kupasuka, hazizibi tena. Nikipiga maji Jumamosi yanaingia na kutuama humo, na cheche badala ya kuwasha petroli inapotelea kwenye maji. Injini ikipata moto siku mbili tatu maji yanakauka, pikapu inapona. Jumamosi nakuja tena na ndoo. Haikuwa dizeli. Dizeli iliisha ile Ijumaa Njeru alipoimwaga. Ni kuosha kwangu! Nilipiga kelele hapo uwanjani mwa kanisa, "Ni mimi! Ni mimi ninayeiosha!" na mchungaji akaja mbio akidhani mtu ameokoka.

Tuliyakausha mashimo kwa vipande vya leso vilivyofungwa kwenye kijiti, Mama Wawira akishikilia boneti. Nilipowasha, Baba, ilinguruma kama siku ulipoileta. Kina mama walipanda nyuma wakaimba njia yote mpaka nyumbani.

Jana Jumatatu niliteremka Runyenjes kwa Fundi Njeru. Ameacha kazi nzito, sasa ana duka dogo la vipuri na bado ana kompresa yake ya kupulizia hewa. Nilitaka nyaya mpya zenye kofia nzima, lakini zaidi nilitaka kujisifu. Nikamwaga hadithi yote bila kupumua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akakaa chini.

"Sasa ndio umejua?" akasema. "Mimi nilimwambia baba yako mwaka ule ule. Hata mwezi haikuisha."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Alikuwa anakuja hapa kila Jumatatu asubuhi mkiwa mmefunga shule. Nafungua, napuliza maji kwa hizo mashimo na hewa, yeye anakunywa chai, anaenda. Nikamwambia, mzee, si ukataze huyo msichana kuosha injini? Ni neno moja tu." Fundi akaacha kucheka. Akaichukua kofia moja ya mpira, akawa anaigeuzageuza mkononi. "Akaniambia, 'Njeru, wachana na hiyo. Huyo mtoto ananiogopa tangu ile siku ya dizeli. Hiyo Jumamosi ndiyo siku tunaongea. Wacha itetemeke.'"

Njeru alifunga nyaya mpya na mimi, Baba, nikaenda nyuma ya duka nikalia, kisha nikajikuta nacheka, kisha nikalia tena. Wewe uliyependa heshima yako, uliyefunga tai kila Jumapili, ulikubali kusukumwa kilimani mbele ya kanisa zima. Ulikubali kuitwa mwenye Mpagani. Ulikubali kuombewa gari ukijua vizuri sana lina nini. Nami miaka yote hiyo nilidhani kila likitikisika unaikumbuka dizeli.

Yule mtu wa Kangeta nimempigia simu asije. Mama alinuna kidogo, nikamsimulia aliyoniambia Njeru. Akafuta macho, akasema, "Na mimi nilifikiri huko Runyenjes anaendea gazeti!" Kisha akaniambia niipeleke pikapu popote ninapotaka, isipokuwa sokoni kuuzwa. Kesho inabeba miche mia mbili ya parachichi na imetulia kabisa.

Nina furaha, Baba, nina furaha mpaka silali vizuri. Lakini kuna jambo moja linanikera na nitalisema, kwa kuwa sasa sikuogopi tena. Ungeniambia tu. Ungesema, "Muthoni, wacha maji, kuja tukae." Ningekuja. Ningeegemea lile tairi pamoja nawe hata boneti ikiwa imefungwa, hata kama hakuna cha kuosha, nikusikilize mpaka chai ipoe.

Kaa kwa amani huko uliko.

Ni mimi kifungua mimba wako,
Muthoni