Laini Yetu na Kisiagi cha Mzee Mochama

S.L.P. 214,
Suna-Migori.
18 Novemba 1998

Mpendwa Dada Lynnet,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo, na baridi ya Winnipeg imeanza kukuuma? Mama ameniagiza nikuulize kama zile soksi za sufu zilifika, na kama bado unapika ugali au umeshazoea mikate. Sisi tu wazima. Mimi nilishikwa na malaria mwanzoni mwa mwezi lakini imeisha, na utaona huko mbele kwa nini ninaishukuru. Mama yako nilimwona Homa Bay mwezi jana, nilipompelekea salamu za Mama, ndugu yake. Goti limepoa, anatembea mpaka kanisani bila fimbo.

Najua barua pepe zangu zote zimekuwa salamu tupu, hata ukaniuliza kama nimekukasirikia. Sijakukasirikia. Laini yetu ya simu inabeba salamu, lakini nikiongeza habari inakatika. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu.

Uliniuliza kama laini ya hapa nyumbani inaweza kubeba modemu yenye kasi zaidi kuliko hii inayounganisha kompyuta yangu na simu, ili umpe Omondi wa huko kwenu aje nayo likizo ya Desemba. Swali hilo sikulichukua kirahisi. Kile chuo cha Afrika Kusini kimenikubali nisome hisabati kwa kompyuta kuanzia Januari, mradi niwajibu kabla ya mwezi huu kwisha kwamba masomo yao yatanifikia. Yasiponifikia, Baba ameshanitafutia nafasi ya kufundisha Muhuru Bay, na mwalimu mkuu wa huko ameshaambiwa kwamba mimi ni mpole. Kwa hiyo nilikuwa nachagua kati ya hisabati na kuwa mpole Muhuru Bay.

Nilifuata maagizo yako. Unainua simu, unabonyeza namba moja tu, kisha unasikiliza kimya. Dada, kimya hakikuwepo. Kulikuwa na kitu kinakaangwa humo ndani. Nikawaita wasikilize. Mama alisema hiyo ni mvua ya Kisumu. Baba alisikiliza amefumba macho, kama anavyomsikiliza mhubiri mgeni, halafu akasema, "Hii laini haina ubaya. Watu ninawasikia."

"Baba, kompyuta si mtu."

"Basi hilo ni tatizo lake."

Fundi wa simu, Mwikwabe, alikuja na mkanda uliojaa bisibisi. Akampigia rafiki yake wa Isebania, wakazungumza habari za ng'ombe hadi chai ikapoa, kisha akasema laini ni nzima kabisa. Nilipomwonyesha modemu ikikatika mbele ya macho yake, aliitazama kwa huruma. "Madam, hiki kitu kimetoka kwenye baridi. Kiache kizoee."

Siku zile nilikuwa situlii. Kila nikipita sebuleni nainua simu, nasikiliza, naiweka chini bila kusema neno. Mama akaanza kunitazama kwa upole usio wa kawaida. Baadaye nilijua alidhani nimepata mchumba asiyependa kuongea.

Halafu ikaja malaria. Sabato ile wengine walikwenda kanisani, mimi nikabaki na blanketi langu kwenye kochi. Simu ikalia. Alikuwa mama yako, akipiga kutoka dukani kwa jirani yake, na sauti yake ilikuwa karibu mno hata nikajifunika vizuri.

"Nyathina, mwanangu, mbona unapumua hivyo? Umemeza dawa?"

Alisikia pumzi zangu, Dada, kutoka Homa Bay. Alipokata nilibonyeza namba moja, nikasikiliza. Kimya. Nilikaa sakafuni nimeshika simu sikioni kwa muda mrefu, kwa sababu sikuwa nimejua kwamba kimya kinaweza kuwa kizuri namna ile. Ndipo nikatambua kwamba hata nje kulikuwa kimya. Kisiagi cha mahindi cha Mzee Mochama hakikuwa kinasaga.

Unakikumbuka, kimepakana nasi ukuta kwa ukuta. Mzee Mochama ni mzee wa kanisa letu, naye hufunga Ijumaa kabla jua halijatua na hafungui mpaka Jumapili asubuhi. Nilitoka na homa yangu nikaenda kuangalia waya. Mvua za mwaka jana zilipoangusha nguzo yetu, Baba na Mzee Mochama hawakungoja mtu yeyote. Kwa ujirani mwema waliuinua waya wa simu wenyewe, wakaupitisha juu ya mabati ya kisiagi, na ili usining'inie ovyo wakaufunga kwa kamba ya katani pamoja na waya wa stima unaolisha mota. Wameufunga vizuri sana. Mwaka mzima tumekuwa tukisikiliza mahindi ya Migori yakisagwa ndani ya simu, na Baba akidhani huo ndio umbali wa Nairobi.

Nilimwomba Baba tuufungue. Akasema waya ni mali ya serikali, haiguswi. Nikamuuliza ni nani aliyeugusa kwanza. Akasema ile ilikuwa dharura. Mwikwabe naye anasema nguzo mpya itakuja, na nilipomuuliza lini, alijibu kwamba atajua akiiona.

Sasa fikiria shida yangu. Kampuni ya Kisumu tunayopitia kuingia kwenye mtandao huzima mashine zake saa kumi na moja jioni, na Jumapili haifungui. Kisiagi kinaanza kabla yao na kumaliza baada yao. Wakati pekee ambapo wao wako kazini na mota imelala ni Jumamosi asubuhi, yaani Sabato. Nilimpelekea Baba jambo hili kwa unyenyekevu.

"Baba, kusoma hisabati ni kazi?"

"Kwa wengine sijui. Wewe nimekuona uso ukiisoma. Ni kazi."

Mama yako aliposikia, akajitolea kuja kila Ijumaa kutoka Homa Bay alale kwetu, kisha asubuhi abonyeze kitufe yeye, kwa kuwa ni Mkatoliki. Baba alimjibu kwa heshima zote za shemeji kwamba dhambi haipakiwi kwenye gari ikateremshwe kwa mtu mwingine. Hapo nikaanza kuuchukia unga. Hata ugali niliula kwa kinyongo.

Jana nilikwenda kwa Mzee Mochama mwenyewe. Akina mama walikuwa kwenye foleni na madebe yao. Nilimwomba azime mota kwa muda nipime laini. Alinitazama juu ya miwani iliyojaa unga.

"Binti Elkanah, watu wasile ili wewe upate barua?"

"Ni somo, mzee."

"Somo gani?"

"Hisabati."

Akawageukia akina mama. "Mmesikia. Hisabati."

Nilidhani nimeshindwa. Lakini mama mmoja wa Kikuria, Mama Ryoba, muuza ndizi, akasema, "Zima tuone. Hapa nasimama. Kwao kuna viti."

Mzee akazima, wakaja wote. Sebule yetu haijawahi kubeba watu wengi hivyo tangu mazishi ya Babu. Niliwasha modemu, ikapiga zile kelele zake unazozijua.

"Inachinjwa?" mmoja akauliza.

"Inasalimiana na ya Kisumu."

"Salamu gani hizo, kama imekanyagwa?"

Kisha ikanyamaza ikashika. Kisiagi kikiwa kinasaga, modemu haijawahi kupita biti elfu mbili na mia nne kwa sekunde, tena kwa kujikokota. Jana ilifika elfu kumi na nne na mia nne, ambayo ndiyo kasi yake yote, na haikukatika. Hapo nikapata jibu lako: mota ikizimwa, kinachonizuia si laini tena, ni modemu yenyewe. Laini ina nafasi ya kubeba zaidi. Sidhani itafikia namba iliyoandikwa kwenye boksi la hiyo mpya, lakini mara mbili ya hii itafika.

Nilianza kupokea somo la kwanza, lina michoro mingi. Akina mama walitazama ule mstari ukitambaa kwenye kioo. Walipochoka, Mama Ryoba akasema, "Waambie wakupe chenga tu, utajichekechea mwenyewe." Somo lilimalizika baada ya karibu saa nzima. Mzee Mochama alikuwa amesimama mlangoni ameshika kofia.

"Jumanne na Alhamisi, saa saba mchana, nitazima," akasema. "Mota nayo ipumzike. Lakini si saa nzima. Nusu."

"Robo," akasema Mama Ryoba.

"Nusu," akasema Mzee Mochama, "na asizidishe."

Walipoondoka, Baba alipangusa unga kwenye viti, kimoja baada ya kingine, bila kuniangalia. Kisha akasema atakwenda Muhuru Bay yeye mwenyewe kuongea na mwalimu mkuu.

"Utamwambia nini, Baba?"

"Kwamba nilikosea. Wewe si mpole."

Chuo nimeshawajibu. Niliwaandikia jana ile ile, kabla mota haijawashwa, kwamba masomo yatanifikia. Kwa modemu niliyo nayo si kweli, maana nusu saa haitoshi. Kwa hiyo, Dada, nakuomba umpe Omondi ile yenye kasi, na umsihi asiiweke kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege.

Baba na Mama wanakusalimu, na mama yako anasema upige simu hapa kwetu Sabato, utasikika vizuri. Mzee Mochama anakukumbuka ukiwa mdogo, ulimmwagia pumba. Lakini anayekusalimu kuliko wote ni Mama Ryoba, ambaye hujawahi kumwona. Anauliza Omondi anafika tarehe ngapi.

Mungu akutunze kwenye theluji hiyo, na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Nyasuguta